Karibu chai: uchambuzi wa kisa cha vijana wawili na mwaliko mmoja

## Kabla ya kisa

Majina yote humu si ya kweli. Nimebadilisha pia miji, umri na mambo mawili matatu ya nyumbani. Kisa cha malaria ningekiandika "mama mmoja wa Mbagala" na hata jirani yake asingemjua. Hali inayompata mtoto mmoja kati ya maelfu haitoi nafasi hiyo: ukitaja mji na umri, umeshamtaja mtu. Wazazi wa pande zote mbili wameisoma rasimu na kuridhia. Mmoja aliomba nifute sentensi moja, nikaifuta.

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Kundi ninalolisimulia lilikuwa la kuwafundisha vijana wenye hali adimu stadi za kijamii, na nililiendesha pamoja na mwenzangu, mwanasaikolojia, kwa wiki 10. Vipindi vilikuwa kwenye Zoom, na katikati ya vipindi tulikuwa na kundi la WhatsApp. Kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki nililifanya mimi, nitalifikia.

## Usuli

Salimu ana miaka 15. Anaishi na mama yake, bibi yake na wadogo zake wawili katika mji wa pwani. Ana sindromu ya Prader-Willi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956 na madaktari watatu wa Zürich: Andrea Prader, Alexis Labhart na Heinrich Willi. Chanzo chake kiko kwenye kipande cha kromosomu ya 15. Vinasaba fulani vya kipande hicho hufanya kazi kwenye nakala iliyotoka kwa baba tu, na kwa Salimu nakala hiyo imekatika. Inakadiriwa kuwa hali hii humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 30,000. Mara nyingi sana hairithiwi, hutokea tu, jambo ambalo mama yake alilijua akiwa ameshasikia maneno mengi ya ukoo kuhusu "damu ya upande wao".

Alizaliwa mlegevu kama kitambaa, hana nguvu ya kunyonya. Mama alikamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko kwa miezi. Kisha, utotoni, mambo yakageuka. Sehemu ya ubongo inayopaswa kusema "basi, nimeshiba" haisemi. Njaa ya Salimu haifiki mwisho. Si ulafi, si malezi, ingawa mama yake ameambiwa yote mawili, sokoni na hata hospitalini. Jikoni kwao kuna kufuli, na wageni huliona kufuli kabla hawajamwona mtoto. Mwaka 2025 Marekani ilipoidhinisha diazoxide choline, dawa ya kwanza kwa ajili ya njaa hii, Mama Salimu alinitumia habari hiyo saa sita usiku na swali moja: "Bei?"

Njaa imetawala maelezo ya hali hii kiasi kwamba mengine husahaulika. Salimu husinzia mchana. Akishika wazo haliachii, na anaweza kuuliza swali moja mara thelathini kwa saa. Mpango ukibadilika ghafla hulipuka, kisha hulia, kisha hujutia. Kusoma uso wa mtu humshinda: uso uliochoka na uso uliokasirika kwake ni kitu kimoja. Lakini mpe picha ya kuunganisha vipande, ataimaliza kabla yako, na kwenye ukurasa wa kutafuta maneno yaliyofichwa simuwezi. Anachokisoma kinakaa. Anachosikia kinakaa nusu, na mara nyingi ni ile nusu anayoitaka.

Rehema ana miaka 14, yuko Kanda ya Ziwa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwa Salimu. Ana sindromu ya Williams: kipande kidogo cha kromosomu ya 7 hakipo, pamoja na kinasaba cha elastini, protini inayoifanya mishipa ya damu ivutike, na ndiyo sababu moyo wake hupimwa mara kwa mara. Masikio yake hayavumilii kelele. Maiki ya mtu ikipiga filimbi, huziba masikio na kuondoka kwenye kamera. Na anapenda watu. Sisemi ni mchangamfu tu. Rehema hana mgeni. Konda wa daladala ni rafiki, fundi wa king'amuzi ni rafiki, na wote huambiwa karibu nyumbani, naye anamaanisha.

Kundi lilikuwa na vijana watano: wawili wenye Prader-Willi, wawili wenye Williams, na mmoja ambaye hali yake haiongezi kitu hapa. Tuliwachanganya kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Hakuna mji hata mmoja ambamo tungewapata watoto watano wa hali moja, wa rika moja, wanaozungumza Kiswahili na wazazi wao wana simu janja. Mtandao ndio uliowezesha kundi kuwapo.

Mtaala wetu ulianzia kwenye PEERS, mpango uliotungwa katika chuo kikuu cha UCLA, jijini Los Angeles, California, na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel kwa ajili ya vijana wenye usonji. Wenyewe hukaa wiki 14 hadi 16, dakika 90 kila wiki, na wazazi hufundishwa kando wakati huohuo. Tulijua pia kuwa timu ya Anastasia Dimitropoulos wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Ohio, imeshajaribu kuwafundisha watu wenye Prader-Willi stadi za kijamii kwa video, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa la kichaa. Tulifupisha: dakika 45, mara mbili kwa wiki. Darasa la wazazi tukalipunguza hadi ujumbe wa sauti wa dakika tatu kila Ijumaa. Kupunguza huko kutarudi kutudai.

## Mambo yalivyokwenda

### Wiki tatu njema

Tulianza saa nane mchana, Jumatano na Jumamosi. Salimu akalala kipindi cha kwanza chote, kidevu kifuani, wenzake wakimwita. Tukahamisha: Jumatano saa kumi jioni, Jumamosi saa nne asubuhi. Tukajipongeza kwa kumsikiliza mtoto.

Somo la kwanza lilikuwa kuanzisha mazungumzo, na hapa Kiswahili kilitubeba. Kijana wa Los Angeles hufundishwa jinsi ya kumwendea mtu na kutafuta la kusema. Wetu wanayo ngazi tayari: shikamoo, marahaba, hujambo, habari za tangu jana, za nyumbani, za shule. Kila swali lina jibu lake, na jibu halikosi. Kwa Salimu, anayependa kila kitu kiwe mahali pake, salamu ilikuwa kama picha ya vipande. Mama yake alisema hakuwahi kumsikia akizungumza na mtu dakika nne bila kutaja chakula. Shida ilikuwa kushuka kwenye ngazi: akifika "habari za shule" alirudi "habari za nyumbani", akazunguka. Lakini hilo lilikuwa tatizo la kupendeza, na wenzake walicheka naye, si yeye.

### Jumatano ya wiki ya nne

Nilikuwa nimefungua picha za nyuso kwenye skrini, tunafanya kazi ya kutambua aliyekasirika na aliyechoka. Rehema akaonekana na kikombe. Saa kumi jioni, nchi nzima inakunywa chai, nasi tulikuwa tumepanga kipindi hapo bila kuwaza.

"Karibuni chai!" akasema.

Wenzake wawili wakajibu kama walivyolelewa: "Asante, endelea." Salimu akanyamaza kidogo.

"Chai na nini?"

"Na maandazi."

"Nije?"

"Njoo! Karibu sana Salimu, njoo!"

Alikuwa anacheka kwa furaha. Mwenzangu aliniandikia pembeni: *mtoe kwenye mada*. Nami nikasema sentensi ninayoikumbuka neno kwa neno: "Haya, Salimu, hilo tutaliongea Jumamosi, sasa turudi kwenye picha."

Akarudi kwenye picha, akazitambua nyuso nne kati ya sita. Nikaandika kwenye daftari langu kuwa tumemrudisha vizuri.

### Alhamisi na Ijumaa

Usiku huo Salimu alichukua namba ya mama yake Rehema kwenye kundi la WhatsApp, ambako tulikuwa tumewaweka wote pamoja, watoto kwa wazazi. Akapiga. Akapiga tena. Rehema alipopokea, alimwelekeza njia bila kinyongo: ashuke stendi, aulize kwa Mama Rehema anayeuza vitenge, kila mtu anamjua. Nyumbani Salimu alimuuliza bibi yake watakwenda lini, na bibi, aliyekuwa anasokota ukili, akasema: "Inshallah mjukuu wangu, kesho."

Alhamisi Mama Rehema alipokea simu mwenyewe. Salimu akamwambia: "Mimi sijala tangu jana. Mama ameficha chakula, amefunga na kufuli."

Kufuli ni kweli lipo. "Sijala" si kweli: alikuwa amekula mara tatu siku hiyo, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Lakini mwanamke aliye kilomita elfu moja atajuaje? Mama Rehema, ambaye naye analea mtoto asiyeeleweka na watu, alifanya alichoona ni ubinadamu. Akatuma shilingi 10,000 kwa simu, na ujumbe: "Samahani dada sikujui vizuri, ila mnunulie mtoto chochote."

Mama Salimu aliusoma akiwa sokoni, amesimama na wateja.

### Jumamosi

Saa kumi na mbili asubuhi Mama Salimu alimkuta mwanawe mlangoni. Amevaa shati la Idi, amejifunga saa ya marehemu baba yake. Mkoba wa shule uko miguuni, na ndani yake mna mswaki, taulo, kitabu cha kutafuta maneno, na kikombe chake cha plastiki cha bluu. Alikuwa anakwenda kunywa chai, basi amebeba kikombe.

Mama akamwambia hakuna safari. Akajibu: "Mwalimu amesema Jumamosi."

Kilichofuata kilichukua kama dakika arobaini. Alirusha simu ya mama yake, ndiyo simu ya darasa, ikapasuka kioo. Alijichokonoa mkono mpaka damu, na kwa kuwa maumivu huyasikia kidogo kuliko sisi, hakuacha. Bibi aliwatoa wadogo nje. Kisha Salimu akalala kwenye mkeka, kikombe mkononi. Saa nne sisi tulifungua kipindi na kuona nafasi yake iko wazi. Nikadhani bando limeisha.

## Maamuzi, na kwa nini

Nilimpigia Mama Salimu mchana huo. Nilijiandaa kumpa pole. Alinisikiliza, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi sikumwambia Jumamosi. Wewe ndiye uliyemwambia." Mpaka hapo sikuwa nimejua. Nilikuwa nimesema "tutaliongea Jumamosi" kama tunavyosema sote, yaani tuache sasa, na huenda tukalisahau. Yeye alisikia siku.

Kuna kanuni ambayo wataalamu wawili wa Marekani, Linda Gourash na Janice Forster, waliiweka kwa ajili ya chakula katika nyumba yenye Prader-Willi: pasiwe na shaka kuhusu mlo ujao, pasiwe na tumaini la kupata kitu nje ya mlo, na hivyo pasiwe na kukatishwa tamaa. Mama Salimu anaifuata kwa ukali: ratiba ukutani, kufuli mlangoni. Ndani ya dakika moja Rehema alimpa tumaini, na mimi nikaliwekea tarehe.

Mama Salimu alitaka kumtoa kwenye kundi. Tulimwomba asiamue wiki hiyo, na sisi tukasimamisha vipindi kwa wiki moja. Baadhi ya wazazi hawakupenda, lakini tusingeweza kuendelea kama kwamba kilichotokea ni cha Salimu peke yake.

Namba za simu zilikuwa uamuzi rahisi. Tulivunja kundi la WhatsApp na kufungua la wazazi tu. Mtoto akitaka kumpigia mwenzake, wazazi wawili wanakubaliana siku na saa. Tulipaswa kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Saa ya kipindi: Jumatano ikasogea hadi saa kumi na moja na nusu, wote wakiwa wameshakunywa chai, na tukakubaliana kwamba kikombe wala sahani havionekani kwenye kamera, cha mtoto wala cha mtu anayepita nyuma. Mtu huyo anayepita nyuma ndiye alitusumbua zaidi. Darasani unakijua kila kilichomo chumbani, ila mtandaoni umefungua milango mitano ya nyumba za watu, na katika mmoja kuna shangazi amebeba sinia.

Palipotugawa ni maneno. Mwenzangu alitaka tupige marufuku mazungumzo ya chakula kabisa ndani ya kipindi. Ana hoja: usalama kwanza. Mimi nilikataa. "Umekula?" kwetu ni salamu. Ukipita watu wanakula, watakuambia karibu, na wasipokuambia wamekutukana. Kumfundisha Salimu stadi za kijamii bila neno karibu ni kumfundisha kuishi katika nchi ambayo haipo. Tulibishana siku mbili, tukakubaliana hivi: chakula hakionekani, ila karibu inafundishwa, waziwazi, kama somo.

Somo lenyewe tulilijenga kwa namna ya PEERS, yaani kanuni chache zilizo wazi, si mahubiri. Tuliziita karibu mbili. Ya kwanza ni karibu ya njiani. Ni adabu, inasema "nimekuona", na jibu lake ni "asante, endeleeni". Ya pili ni karibu ya safari. Hiyo ina majibu ya maswali matatu: Siku gani? Saa ngapi? Mama anajua? Jibu moja likikosekana, ni ya njiani. Tuliandika kwenye kadi, Mama Salimu akaipiga chapa stationery na kuibandika chini ya ratiba ya chakula. Salimu akaisoma mara moja, akaikariri.

Kisha tukafanya mazoezi, na hapa ndipo wazo la mwenzangu liliponipita. Alimwomba Rehema awe mwalimu. Rehema alisema "karibu" kwa namna kumi na mbili, nusu za njiani, nusu za safari, na Salimu akapiga kura kwa kadi ya kijani au nyekundu. Rehema alifurahi hadi akaimba maelekezo. Alipokuja mfano wa saba, alisimama mwenyewe, akauliza: "Mwalimu, ile niliyomwambia Salimu siku ile, ilikuwa ipi?"

Hatukuwa na jibu. Yeye aliimaanisha.

Wazazi nao walipata somo lao, safari hii la saa nzima, moja kwa moja. Tuliwaomba waorodheshe maneno wanayoyatumia kumtuliza mtoto: kesho, baadaye, tutaona, ngoja kidogo, ukiwa mtu mzuri nitakupeleka. Kwa mtoto mwingine ni mafuta ya maisha, kwa Salimu kila moja ni mkataba. Bibi, aliyekuwa amekaa nyuma ya Mama Salimu, alikataa kuacha neno lake. Akasema inshallah si ahadi, ni adabu kwa Mungu, na hataiacha kwa ajili ya Zoom. Ana haki. Tukapatana kwamba atasema inshallah kwa jambo lililokwisha kuandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Lisiloandikwa, atasema "hapana" au "sijui".

## Matokeo

Salimu alirudi wiki ya sita. Kufikia wiki ya 10 alikuwa anajibu karibu ya njiani bila kusita ndani ya kipindi, na kwa jirani yao mmoja anayeuza mkaa, ambaye tulimwomba awe anamwambia karibu kila siku kwa makusudi. Simu za usiku ziliisha. Yeye na Rehema huzungumza Jumapili saa kumi na moja jioni, dakika kumi kwa saa ya jikoni inayolia, na mara nyingi wanasoma maneno kutoka kwenye kitabu chake, Rehema akiyageuza kuwa wimbo.

Siku ya mwisho nilifunga kipindi kwa mazoea: "Haya wanangu, tutaonana." Salimu akainua kadi. "Siku gani? Saa ngapi? Mama anajua?" Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Nikafungua kalenda.

Kwenye arusi ya binamu yake, majuma mawili baadaye, kadi haikumsaidia kitu. Pilau ilikuwa mbele yake, inanukia, watu hamsini wakisema karibu na wote wakimaanisha. Mama yake alimtoa nje akiwa ameshakula sahani mbili na anapigania ya tatu. Kwa hali yake hilo si jambo la kucheka: hatapiki kwa urahisi, hasikii tumbo likiuma, na kula kupita kiasi kunaweza kulipasua tumbo. Sasa Mama Salimu huenda naye kwenye arusi wakati wa kufunga ndoa, wanaondoka kabla ya sinia. Ndugu wanasema anajitenga.

Zile shilingi 10,000 bado ziko kwenye simu yake. Hakuzirudisha, kwa sababu kurudisha ni kumtukana aliyetoa. Hakuzitumia, kwa sababu kuzitumia ni kukubali kuwa mwanawe alikuwa na njaa kwa kukosa. Mama hao wawili wanasalimiana vizuri kwenye kundi la wazazi, na hawajawahi kupigiana simu. Tulijaribu kuwakutanisha mara moja, na kila mmoja alikuwa na udhuru wa heshima.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwa Salimu ni maandishi na kanuni yenye majibu. Hatukumwomba asome moyo wa anayemkaribisha, kazi ambayo ubongo wake hauiwezi vizuri. Tulimpa maswali matatu ambayo majibu yake yako nje ya moyo wa mtu: siku, saa, mama. Hilo lilimwondolea kubahatisha. Kisa cha arusi kinaonyesha mpaka wake: kanuni inashinda neno, haishindi chakula kilicho mbele ya macho. Pale anayeshinda ni mtu mzima aliyepanga mapema, na nadhani litakuwa hivyo maisha yake yote. Nimeona wataalamu wakimhesabia mtoto hilo kuwa ameshindwa somo. Mimi silihesabu hivyo. Hatumdai mtu asiyeona asome ubao akijitahidi zaidi.

Mtaala wa kuazima haukuwa na kosa, ila ulinyamaza pale ambapo sisi tunaongea zaidi. Una sura za kuingia kwenye mazungumzo na kutoka, na zilitufaa. Hauna sura ya karibu, kwa sababu haukuandikwa kwa watu wanaomkaribisha kila apitaye. Na kwetu uungwana umejengwa kwa maneno ambayo hayatakiwi kushikwa: karibu, kesho, nitakupigia. Mtoto wa kawaida hujifunza kuyapima akiwa bado mdogo bila kufundishwa, na ndiyo maana hatuyaoni. Inabidi aje mtu anayeyaamini ndipo tujue tumesema nini.

Sasa Rehema. Ninapolisoma daftari langu la wiki ile, kurasa tatu ni za Salimu, na mistari miwili ni yake: "R. mchangamfu. Ashauriwe asilete chai." Salimu alivunja simu, basi tukamwona. Rehema hakuvunja kitu. Alimpa mvulana aliyemjua kwa wiki nne, kupitia kioo, jina la stendi na biashara ya mama yake, na kumwambia aje. Safari hii alikuwa Salimu na kikombe chake cha bluu. Angeweza kuwa mtu mwingine, na kwa binti wa miaka 14 mwenye simu mkononi, mtu huyo hayuko mbali. Mwenzangu ndiye aliyeliona, tena wiki ya nane, alipokuwa anasikiliza upya rekodi. Mtoto aliyekuwa kwenye hatari kubwa zaidi katika kisa hiki ndiye tuliyemsifu.

Tulimtungia naye kanuni: kabla ya kumkaribisha mtu, "mama anajua?" Swali la tatu la Salimu, limegeuzwa. Alilipenda, akaliimba, na bado anawakaribisha bodaboda. Wiki mbili hazikutosha na hatukuwa na zaidi. Laiti tungeanza naye wiki ya tano.

Je, tulikosea kuchanganya hali mbili? Mwenzangu anasema ndiyo: huwezi kumweka anayefungua kila mlango pamoja na anayeingia kila mlango uliofunguliwa. Mimi naona ni wao wawili waliotufundisha somo ambalo makundi mawili tofauti yasingelitoa, na pale Rehema alipouliza yake ilikuwa ipi, alikuwa amefanya jambo ambalo mitaala mingi huota: ameyatazama maneno yake kwa macho ya mwenzake. Lakini kuwachanganya bila kukaa chini kwanza na kujiuliza hali hii ikikutana na ile kutatokea nini, huo ulikuwa uzembe, na ni wetu sote wawili.

Kulipunguza darasa la wazazi kulitugharimu kuliko kitu kingine. Tulifanya hivyo kwa kuwaonea huruma na bando zao. Kama Mama Rehema angelisikia mapema, kutoka kwa Mama Salimu mwenyewe, habari ya kufuli na ratiba, asingetuma hela. Angepiga simu. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu hauwezi kuwafanya wanawake wawili wajuane.

Kundi lijalo linaanza na wazazi, wiki mbili kabla ya watoto, na bando tumeliwekea fungu. Kipindi cha kwanza hakina mada ya hali yoyote. Kila mzazi anakuja na orodha ya maneno yake ya kumtuliza mtoto, anaisoma kwa sauti, na wengine wanaongeza. Nimeanza na yangu: tutaona, tutaliongea Jumamosi, niko njiani.